Kutoka tawi la mti mpaka swichi ya mjomba: historia fupi ya hazadi Karagwe na Kyerwa

Najua kimya kimekuwa kirefu. Majaribio ya katikati ya muhula yametuweka pabaya, boom nalo limechelewa, na hata bando la kuingilia humu imebidi niombe kwa rumeti. Leo nimepata upenyo kidogo, basi nikae niandike.

Mwalimu wetu wa somo la historia ametupa kazi moja nzuri sana. Kasema kila mtu achague kitu cha kawaida cha nyumbani kwao, kisha aandike historia yake kwa kuuliza wazee na kukishika kile kitu kwa mikono yake. Wenzangu wamekimbilia ngoma, kahawa, visima na misitu ya matambiko. Mimi nimechagua swichi ya hazadi. Semina nzima ilicheka. Acha wacheke, sisi watu wa Kyerwa tunajua kilichopo barabarani usiku.

Tuanze na tawi la mti. Ukiuliza mzee yeyote kati ya Kyaka na Murongo gari lililoharibika lilikuwa linaonyeshwa vipi zamani, atakujibu bila kufikiri: matawi. Kazi hiyo ilikuwa ya utingo. Lori likizima mlimani, utingo anaruka kabla hata dereva hajavuta breki ya mkono, anaweka jiwe nyuma ya tairi, anachukua panga, anakata matawi yenye majani mabichi na kuyapanga barabarani, moja karibu, jingine mbali kidogo, jingine mbali zaidi. Dereva anayekuja akiona majani katikati ya njia anajua mbele kuna mtu amekwama. Hakuna shule iliyofundisha hilo, lakini kila mtu alilisoma. Kuna ubaya wake pia, maana wengi wakishatengeneza gari huondoka na kuyaacha mawe palepale, na hayo mawe nayo yanageuka ajali ya mtu mwingine.

Magari yenyewe ya mwanzo hayakuwa hata na indiketa. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Aprili 1948 kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam, na zile za miaka ya mwanzo dereva alitoa mkono nje kuonyesha anakokwenda. Morris Minor na Volkswagen za kobe zilikuwa na kijimkono kidogo ubavuni, kinachochomoza chenye taa kama ulimi wa mjusi, halafu kinarudi ndani. Wazee wanakikumbuka kwa kicheko, maana kwa vumbi letu kilikuwa kinakwama nje na gari linaonekana linakata kona siku nzima.

Taa za kukonyeza zilianza mapema zaidi Marekani (Buick waliziweka mwaka 1939), kisha zikaenea duniani baada ya Vita Kuu ya Pili. Hazadi ilikuja baadaye kabisa. Wazo lake ni jepesi mno: taa nne za indiketa zipo tayari kwenye kona nne za gari, kwa nini zisiwake zote pamoja gari likikwama? Ilianza kuonekana miaka ya 1960 na mwishoni mwa muongo huo Marekani ikaifanya lazima kwenye magari mapya. Mkataba wa Vienna wa 1968 nao ukaja na pembetatu nyekundu ya kuweka barabarani. Hapa kwetu Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na mnaokumbuka Wiki ya Nenda kwa Usalama mnajua trafiki akikusimamisha anauliza pembetatu na mtungi wa kuzimia moto kabla ya habari ya nyumbani.

Sasa hapa ndipo historia ya dunia na historia ya Karagwe zinapoachana. Sheria ilifika, vipuri havikufika. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia eneo la kaskazini mwa mto Kagera, mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka likalipuliwa, na malori na mabasi ya raia yakachukuliwa kubeba askari na mizigo. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Vita iliisha, lakini nchi ilibaki haina fedha za kigeni, mafuta ni ya mgao, na magari binafsi yakapigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Katika hali hiyo nani aagize swichi ya hazadi kutoka Uingereza? Mwenye gari aliwaza tairi, betri na sabuni ya nyumbani. Kitu kidogo kama hazadi kikifa, kinakaa kimekufa. Mlango ulianza kufunguka kwenye bajeti ya 1984, watu wenye fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuagiza bidhaa, na baada ya Mzee Mwinyi kushika nchi mwaka 1985 vipuri vikaanza kuonekana madukani tena.

Fundi mmoja wa Omurushaka, mzee wa makamo ambaye ndiye mwalimu wangu mkuu katika habari hii, aliniambia kizazi chake ndicho kilichozaliwa na ukame huo. "Mwanangu, sisi hatukujua kubadilisha kifaa," alisema. "Tulijua kukifungua." Nimeliandika hilo kwenye daftari na kulipigia mstari. Ukilifikiria kihistoria si ajabu. Hii ni nchi ya wahunzi. Wafalme wa Karagwe waliokaa Bweranyange walitunza nyundo, fuawe na sanamu za ng'ombe za chuma kama alama za utawala wao, na Speke alipofika kwa Rumanyika Novemba 1861 alikuta dola ambayo chuma kilikuwa sehemu ya heshima ya mfalme. Upande wa Bukoba wanaakiolojia wamechimbua tanuri za chuma za karibu miaka 2,000 iliyopita. Sisemi fundi wa Omurushaka ni mjukuu wa Rumanyika. Nasema tu kwamba mtu anayefungua kitu akitafuta kilipofia si mgeni katika milima hii.

Yeye mwenyewe alipata umeme wa magari mwaka 1994, wakati wakimbizi wa Rwanda walipovuka kwa mamia ya maelfu kuingia Ngara na Karagwe. Mashirika ya misaada yalikuja na misururu ya magari, na magari yanahitaji gereji. Alianza kwa kuosha vyombo vya mafundi, akaishia kushika testa. Kambi zilifungwa Desemba 1996, testa akabaki nayo.

Basi tuje kwenye gari lenyewe. Mjomba wangu wa Nkwenda ana Land Rover ya 109, zile za toleo la tatu zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Bodi lake ni la aluminiamu, maana Land Rover ilizaliwa wakati Uingereza ina uhaba wa chuma baada ya vita, wakatumia kilichokuwepo. Kumbukeni hilo la aluminiamu, litarudi. Gari hilo si pambo. Usiku mama mjamzito akizidiwa kijijini, watu wanagonga kwa mjomba. Anampeleka Isingiro au Nyakahanga, mvua au ukungu. Bodaboda zipo nyingi, lakini mama mwenye uchungu huwezi kumpakia kwenye bodaboda kwenye utelezi.

Mwaka jana mjomba alitangaza kwamba usiku haendi tena. Indiketa zilikufa pande zote mbili, na hazadi ikawa inawaka pale tu unapoibana swichi kwa kidole. Sababu yake ilikuwa ya maana. Rafiki yake wa miaka mingi aligonga lori lililozima kwenye kona, usiku, bila taa, bila pembetatu, bila tawi. Hakupona. Mjomba alisema, "Mimi sitakuwa lile lori." Shangazi, yaani mke wake, akamwuliza wale kina mama wafanye nini. Nyumba ikawa na kimya kibaya. Mimi nilikuwa nimeenda huko wakati wa mazoezi ya kufundisha, nikaona hii ndiyo kazi yangu ya historia imejileta yenyewe.

Mjomba alikuwa ameshanunua flasha mbili mpya. Flasha ni kile kikopo kinacholia tik-tak. Ndani yake, kwenye zile za zamani, kuna kipande chembamba cha metali mbili zilizounganishwa. Umeme ukipita kinapata moto, metali moja inatanuka kuliko nyenzake, kipande kinapinda na kukata umeme, kinapoa, kinarudi, kinaunganisha tena. Hivyo tu, mara 60 mpaka 120 kwa dakika. Kwa hiyo indiketa zikifa kila mtu anaisingizia flasha. Zote mbili mpya hazikusaidia kitu.

Fundi alicheka alipoona flasha mpya mezani. Akauliza swali moja: hazadi inawaka? Nikajibu, inawaka ukiibana. Akasema basi flasha nzima, balbu nzima, waya za taa nzima, tatizo liko njia panda. Njia panda yenyewe ni swichi ya hazadi. Hili mimi nilikuwa silijui kabisa na naamini wengi wenu hamlijui, kwa hiyo niliandike polepole.

Kwenye magari mengi ya zamani, likiwemo hili la mjomba, umeme wa indiketa unatoka kwenye swichi ya funguo, unapita fyuzi, halafu unaingia KWENYE SWICHI YA HAZADI kabla ya kufika kwenye flasha. Hazadi ikiwa imezimwa, swichi ile inaruhusu umeme upite kwenda kwenye flasha na kwenye mkono wa indiketa. Ukiibonyeza, inafanya mambo matatu kwa mpigo: inakata umeme wa funguo, inaleta umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri (ndiyo maana hazadi inawaka hata funguo iko mfukoni), na inaunganisha taa za kushoto na za kulia ziwe kitu kimoja. Kwa hiyo swichi ambayo mtu anaibonyeza mara chache kwa mwaka inabeba umeme wa indiketa kila siku. Kontakti zake zikiota kutu, indiketa zinakufa, na wewe unahangaika na mkono wa usukani na kununua flasha.

Kupima kwenyewe kulichukua dakika kumi. Kwanza tulitazama fyuzi, iko salama. Tukafungua paneli ya dashibodi, tukachukua testa ya balbu, klipu yake kwenye ethi, funguo imewashwa. Ncha ikiguswa kwenye waya unaoingia kwenye swichi, testa inawaka. Ikiguswa kwenye waya unaotoka kwenda kwenye flasha, giza. Fundi akachukua kipande cha waya akaunganisha hizo mbili kwa kuruka swichi, akaniambia sogeza mkono wa indiketa. Tik-tak, tik-tak. Mjomba aliyekuwa amekaa kwenye gogo akasimama bila kusema kitu.

Kabla ya kuichomoa swichi tuliondoa waya wa hasi wa betri, maana ule umeme wa hazadi haujali funguo na ukigusa bodi unaunguza. Kisha kila waya ukafungwa kiuzi cha rangi yake. Fundi hakuwa na haraka hapo, na nadhani hapo ndipo mafundi wengi wanaharibu magari ya watu: wanachomoa waya sita kwa mkupuo halafu wanaanza kukisia. Swichi yenyewe tuliifungulia ndani ya mfuko wa nailoni. Nilidhani ni mzaha, mpaka kispringi kikaruka na kugonga nailoni mbele ya pua yangu. Kingeangukia kwenye majani ya gereji ile, habari ingeishia hapo.

Ndani kulikuwa na bamba dogo la shaba nyeupe lililogeuka kijani na jeusi. Miaka arobaini na ushei ya ukungu wa Karagwe na vumbi jekundu. Tulisugua kwa msasa laini kabisa, taratibu, kisha kifutio cha penseli, kisha spiriti. Ukikwangua kwa kisu unaondoa ngozi ya juu ya kontakti na kutu itarudi upesi. Bamba lilikuwa limelegea, fundi akalipinda kidogo mno kwa plaizi ili likandamize. Pini moja ilikuwa inacheza kwenye ribiti yake, akailehemu kwa risasi.

Nisimame kidogo hapa kwenye risasi. Ile ya kulehemia waya kwa kawaida ni mchanganyiko wa madini ya risasi na bati. Na bati, wadau, ni letu. Kyerwa na Murongo kulikuwa na machimbo ya bati tangu enzi za mkoloni, na wachimbaji wadogo wanachimba mpaka leo. Sisi shuleni Kyerwa tulisoma kwamba ni wilaya mpya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, tukakariri mipaka yake na Uganda na Rwanda, lakini hakuna aliyetuambia kwamba kitu kinachoshika waya ndani ya kila redio kinapatikana kwenye vilima vyetu. Nikiwa mwalimu somo langu la kwanza la historia ya wilaya litaanza na fundi redio.

Haya, tuendelee. Swichi ikarudishwa, indiketa zikawaka, hazadi ikawaka bila kidole. Mjomba akaanza kushukuru. Fundi akasema bado. Taa ya nyuma kushoto ilikuwa hafifu, na ukikanyaga breki indiketa nayo inajitia kuwaka. Hiyo ni ethi mbaya, na hapo ndipo aluminiamu inaporudi. Aluminiamu haioti kutu nyekundu kama chuma, ila inajivika utando wake ambao haupitishi umeme vizuri, na pale inapokutana na skrubu ya chuma na unyevu panalika. Umeme ukikosa njia ya kurudi unapita kwenye balbu ya jirani. Tukakwangua bodi pale skrubu inapofungwa, tukaweka skrubu mpya, tukavuta na waya wa ziada mpaka kwenye chasisi.

Jambo jingine linalowahusu mnaopenda kuweka balbu za LED kwenye magari ya zamani. Balbu ya kawaida ya indiketa ni wati 21. Hazadi ikiwaka ni balbu nne, wati 84, na kwa betri ya volti 12 hiyo ni ampea 7. Flasha ya metali mbili inategemea huo umeme ili ipate moto. LED inakula umeme kidogo sana, kipande hakipati moto wa kutosha, basi taa zinawaka tu na kutulia, hazikonyezi. Jamaa anarudisha balbu dukani akidai ni feki. Balbu haina kosa, ni kwamba imewekwa kwenye mtambo wa kizazi kingine. Inabidi ubadilishe na flasha iwe ya elektroniki.

Na kwa kuwa nimeshaanza kulalamika: hazadi si salamu. Nawaona madereva wetu wakifika njia panda wanawasha hazadi wakimaanisha "naenda moja kwa moja". Anayekuja kutoka pembeni anaona taa ya upande mmoja tu, anajua unakata kona, anaingia. Misafara ya harusi na misiba nimeizoea, huko hazadi imekuwa lugha yake na kila mtu anaielewa. Ila ile ya njia panda itaua mtu. Kwenye ukungu pia, ukiwa unatembea na hazadi inakonyeza, wa nyuma hajui kama umesimama au unakwenda, na indiketa yako huwezi kuitumia kwa sababu swichi imeshaiteka. Ukishajua kilichomo ndani ya swichi hili linaeleweka lenyewe.

Fundi alitaka bei ya flasha moja. Mjomba akamwongezea mkungu wa ndizi na zile flasha mbili mpya. Kuna dereva wa Kaisho ameshanunua moja.

Nilimuuliza mjomba, kwa ajili ya kazi yangu, kama sasa panga lililoko chini ya kiti litatoka. Alinitazama kama mtoto wa mjini. Akanichukua kwa miguu mpaka kwenye kona ya mlimani juu ya Nkwenda, akaniacha upande mmoja, akarudi kuwasha hazadi upande wa pili. Nilisimama pale kwenye ukungu wa saa moja jioni nikitazama. Sikuona kitu. Taa inakwenda moja kwa moja, kona haipindi. Tawi unaweza kulibeba mpaka nyuma ya kona, hatua mia kutoka kwenye gari, ukaliweka pale ambapo dereva bado ana nafasi ya kukanyaga breki. Pembetatu nayo ni hivyohivyo, ni tawi lililosajiliwa. Panga liko palepale chini ya kiti, na wiki mbili baadaye saa tisa usiku waligonga mlango, mjomba akawasha gari. Mtoto ni wa kike, alizaliwa Nyakahanga asubuhi ile.